Je, Wajua? Pasipoti Hufa Kabla ya Siku Yake

Fungua pasipoti yako kwenye ukurasa wa picha, utazame tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe hiyo usiitegemee. Nchi nyingi hazimpokei msafiri ambaye pasipoti yake imebakiza chini ya miezi sita. Falme za Kiarabu ndivyo zilivyo, Saudi Arabia huidai miezi hiyo kwa kila hujaji, na Tanzania na Kenya huwadai wageni wao vivyo hivyo. Kitabu kilichoandikwa miaka kumi kina uhai wa miaka tisa na nusu. Anayengoja kife ndipo aingie mtandaoni kuomba kingine amechelewa nusu mwaka.

Je, wajua kwamba anayekuzuia mara nyingi si ofisa wa uhamiaji wa huko uendako? Ni mfanyakazi wa shirika la ndege, hapahapa kwenu, kabla hata begi lako halijapimwa. Shirika likimbeba abiria mwenye hati zisizokubalika, ndilo hulazimika kumrudisha, na mara nyingi hulipishwa faini juu yake. Kwa hiyo pale kaunta hakuna kubembelezana. Nimeshuhudia mama mtu mzima akitolewa kwenye foleni ya safari ya kwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa, pasipoti imebakiza miezi mitano, tiketi imelipwa na watoto wake watatu waliochangishana. Alikaa juu ya sanduku lake akirudia swali moja: "Lakini si bado haijaisha?"

Je, wajua kwamba nchi za Schengen barani Ulaya zina hesabu yake nyingine? Pasipoti iwe imebakiza miezi mitatu kuanzia siku utakayoondoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita. Sharti hili la pili limewanasa Waingereza wengi. Hadi Septemba 2018, Mwingereza aliyehuisha mapema aliongezewa miezi iliyobaki kwenye kitabu cha zamani, hadi miezi tisa, hivyo akawa na pasipoti ya miaka kumi na miezi tisa. Huko kwao ilikuwa hai. Kwenye lango la Schengen ilihesabiwa kuwa imepita umri.

Neno "kuhuisha" lenyewe linapotosha kidogo. Zamani ofisa aligonga muhuri kwenye kitabu kilekile na kukiongezea miaka. Siku hizi unapewa kitabu kipya, chipu mpya na namba mpya, na hiyo namba mpya ndiyo inayowaponza watu. Kibali cha kuingia Kenya cha eTA, ambacho wageni walianza kukiomba Januari 2024, kimefungwa kwenye namba ya pasipoti. Kile cha Uingereza vilevile. Tiketi uliyokata mwezi jana ina namba ya zamani. Huisha kwanza, vibali na tiketi vifuate.

Je, wajua kwa nini mtu wa Dublin anahuisha pasipoti akiwa kitandani kwake, lakini wa Berlin lazima aende ofisini, na wa Dodoma pia? Wengi wetu hudhani ni suala la utajiri wa nchi au ubovu wa intaneti. Ujerumani si maskini, wala intaneti haijaishinda. Sababu ni kidole.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2252 ya mwaka 2004 inazitaka nchi zinazofungwa nayo ziweke ndani ya chipu ya pasipoti picha ya uso pamoja na alama za vidole viwili. Ireland haimo kwenye kanuni hiyo. Chipu yake inabeba uso peke yake, na Machi 2017 ikawafungulia watu wazima mlango wa kuhuisha mtandaoni moja kwa moja. Pasipoti za Uingereza, Marekani na New Zealand nazo hazina alama za vidole kwenye chipu, na zote hizo leo zinawaruhusu raia wake watu wazima kuhuisha bila kufika ofisini. Uso unaweza kupigwa picha nyumbani na kutumwa kwa simu. Kidole hakitumwi. Lazima ukibebe mwenyewe hadi kwenye mashine.

Afrika Mashariki tulichagua njia ya vidole. Kenya ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki ya Jumuiya Septemba 2017, Tanzania ikazindua yake tarehe 31 Januari 2018 chini ya Rais John Magufuli, na Rwanda ikafuata Juni 2019. Zote zina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya jina la nchi, na zote zinataka mwombaji afike mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia "maombi ya pasipoti kwa njia ya mtandao" kwetu, elewa kwamba ni nusu ya safari. Fomu na malipo viko mtandaoni. Vidole viko dirishani.

Nina neno hapa. Mtu aliyekwisha kutoa vidole vyake vyote kumi kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, akavitoa tena kwa pasipoti ya kwanza, anaporudi kuhuisha anatakiwa avitoe mara ya tatu. Najua hoja ya wataalamu: wanataka kuhakikisha anayehuisha ndiye yuleyule. Hoja ina uzito, maana kitabu kilichotolewa kwa mtu asiye mwenyewe ni hatari kwetu sote. Lakini kwa kijana wa Kigoma au Turkana uzito huo unapimwa kwa nauli na siku za kazi zilizopotea. Mashine ndogo ya vidole iliyounganishwa na kumbukumbu zilizopo ingeweza kumthibitisha akiwa wilayani kwake. Huu ndio mlango ambao ningependa ufunguliwe kabla ya mingine.

Je, wajua Tanzania mwombaji hulipa mara mbili? Unapojaza fomu kwenye tovuti ya Uhamiaji, unapewa namba ya malipo, ile inayoitwa mitaani kontroo namba, na kwa namba hiyo unalipa shilingi 20,000 za fomu. Nyingine 130,000 unalipa maombi yanapopokelewa. Jumla 150,000. Aliye nje ya nchi na kuomba kupitia ubalozi hulipa dola 90 kwa mtindo uleule: 15 za fomu, 75 za kitabu. Baada ya malipo ya kwanza fomu inachapishwa, ndipo unaibeba pamoja na kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti na pasipoti ya zamani. Wengi huja na nakala tupu wakidhani kila kitu kimo kwenye kompyuta. Chukua na vyeti halisi, hata kama unaona usumbufu.

Kenya mlango ni eCitizen, mfumo uliozinduliwa 2014. Unaingia kwa akaunti yako, unachagua Idara ya Uhamiaji, unajaza, unalipa kwa M-Pesa au kadi, kisha unachagua siku na kituo cha kwenda kutoa vidole: Nyayo House kwa wa Nairobi, au Mombasa, Kisumu, Eldoret na vituo vingine. Hapo kwenye kuchagua siku pana siri ndogo. Mtu akiona Nairobi imejaa kwa wiki kadhaa hukata tamaa, ilhali kituo cha mji mwingine kinaweza kuwa na nafasi kesho kutwa. Kitabu cha kurasa 34 kilichokuwa shilingi 4,550 kilipanda mwaka 2024 hadi 7,500. Vipo pia vya kurasa 50 na 66, na kwa mfanyabiashara anayezunguka Dubai na Guangzhou hivyo vikubwa vina maana, kwa sababu pasipoti iliyojaa mihuri nayo imekufa, hata iwe imebakiza miaka minne.

Je, wajua Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 12, inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti ya Kenya? Haki, si fadhila. Ofisa anayekwambia urudi wiki ijayo bila sababu anagusa ibara ya katiba. Hata hivyo, kile kitabu chenyewe si chako. Katika nchi nyingi duniani pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa. Wewe ni mwenye kuitunza tu.

Tutulie kidogo kwenye majina, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi ya mtandaoni ya watu wetu yanapokwama. Je, wajua kwamba kompyuta haijui kuwa Khadija na Hadija ni mtu mmoja? Majina ya Waislamu wa pwani na bara yameingia kwenye herufi za Kirumi kwa njia nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhamed, Muhammad; Aisha, Asha, Aysha; Yusuf, Yusufu, Yussuf. Karani wa vyeti vya kuzaliwa aliandika alivyosikia, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alivyozoea, karani wa NIDA akaandika mwenye jina alivyomtamkia. Miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Siku unapojaza fomu mtandaoni, mfumo unalinganisha herufi kwa herufi, na herufi moja ya "h" inakusimamisha.

Wakristo nao hawakupona. Elizabeth wa cheti cha ubatizo ni Elizabeti wa shule na Elisabeth wa kitambulisho. Kuna na mpangilio wa majina matatu. Sisi huandika jina langu, la baba, la babu. Fomu inauliza jina la ukoo. Mmoja anaweka la babu, mwingine la baba, na pasipoti ya pili inatoka imepangwa tofauti na ya kwanza. Ofisa wa mpakani akiziona mbili pamoja anaona watu wawili. Unapohuisha, fuata mpangilio wa pasipoti ya zamani kama ulivyo. Kama jina ni lazima libadilike, kwa ndoa au kwa kusahihisha, nenda kwanza kwa mwanasheria ukaandae hati ya kiapo au ya kubadili jina, na utengeneze kitambulisho cha taifa kabla ya kugusa pasipoti. Ukianza na pasipoti utarudi nyuma mara mbili.

Je, wajua mistari ile miwili ya chini ya ukurasa wa picha, iliyojaa alama kama <<<<, ina herufi na alama 44 kila mmoja? Si 43, si 45, kwa nchi zote duniani. Mstari wa kwanza una herufi tatu za nchi, TZA, KEN, UGA, COD, kisha nafasi 39 za majina. Jina likiwa refu kuliko hapo hukatwa. Mstari wa pili una namba, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kwisha, kila moja ikifuatwa na tarakimu ya mlinzi.

Mlinzi huyo unaweza kumhesabu mwenyewe kwa kalamu. Pasipoti inayokwisha tarehe 15 Januari 2031 huandikwa 310115. Zidisha tarakimu kwa zamu na 7, 3, 1, 7, 3, 1: unapata 21, 3, 0, 7, 3 na 5. Jumla 39. Gawanya kwa 10, masalio ni 9. Basi baada ya 310115 utakuta 9. Jaribu na yako. Mashine ikisoma vibaya tarakimu moja, hesabu inagoma palepale.

Na mistari hiyo ndiyo ufunguo wa chipu. Kompyuta ya mpakani haiifungui chipu kabla ya kusoma namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kwisha, kwa kuwa mambo hayo matatu ndiyo hutengeneza neno la siri. Kitabu kilicholowa jasho mfukoni, mistari ikafutika, chipu yake inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifunguke kwa njia hiyo. Huo ni uharibifu, na kitabu kilichoharibika hakipiti njia nyepesi ya kuhuisha. Marekani, kwa mfano, pasipoti iliyoharibika haikubaliwi kuhuishwa mtandaoni. Ni lazima mwenyewe aende.

Kwa kuwa tumefika Marekani: je, wajua huduma yao ya mtandaoni ina miaka michache tu? Walijaribu 2022, watu nusu milioni wakaitumia, wakaisimamisha 2023 kuirekebisha, kisha wakaifungua kwa wote tarehe 18 Septemba 2024. Mwombaji awe na umri wa miaka 25 au zaidi. Kwa nini 25? Pasipoti ya miaka kumi hutolewa kuanzia umri wa miaka 16, na inayohuishwa mtandaoni lazima iwe imetimiza miaka 9 tangu itolewe. Kumi na sita na tisa, hesabu imekamilika. Pia isiwe imevuka miaka 15, jina lisibadilike, na mwombaji awe ndani ya Marekani. Ada ni dola 130, na huduma ya haraka haimo.

Kukosekana kwa huduma ya haraka kuna mtego. Ukibofya kutuma maombi, pasipoti uliyonayo mkononi inafutwa kwenye mfumo. Unabaki nayo, ina picha yako, ina tarehe nzuri, lakini haikupeleki popote. Msiba ukitokea Bujumbura au Bukavu wiki hiyo, huwezi kuondoka nayo. Uingereza wamefanya vingine: fomu na picha ni mtandaoni, lakini kitabu cha zamani unakipeleka kwa posta. Matokeo ni yaleyale. Kati ya kuomba na kupokea huna pasipoti, kwa hiyo chagua wakati ambao nyumbani kumetulia.

Kuna Waswahili wengi wapya Marekani, hasa Wakongo waliotoka kambi kama Nyarugusu ya Kigoma na kuhamishiwa huko kwa wingi tangu miaka ya 2010. Wengi wao wana pasipoti ya kwanza ya Marekani ambayo haijafika miaka tisa. Mlango wa mtandaoni unawasubiri mbele. Watoto wao waliopata pasipoti kabla ya kutimiza miaka 16 hawauoni mlango huo kwa kitabu hicho, kwa sababu cha mtoto ni cha miaka mitano, na anayekua hufika mwenyewe kuomba cha mtu mzima.

Kongo yenyewe ilikuwa na hadithi ya uchungu. Je, wajua kuna miaka ambayo Mkongo alilipa dola 185 kwa pasipoti moja? Shirika la habari la Reuters lilichunguza mwaka 2017 na kueleza kwamba sehemu ndogo tu ya fedha hizo ndiyo iliyokwenda serikalini. Baadaye bei ikashushwa hadi 99. Mtu wa Goma anayeuza maharage sokoni anajua dola 86 zilizopungua ni karo ya nani.

Je, wajua picha ndiyo inayorudisha maombi mengi ya mtandaoni? Marekani walipiga marufuku miwani tarehe 1 Novemba 2016. Wanataka ukuta mweupe, Tanzania inataka bluu bahari nyuma yako. Basi picha ya ubalozi mmoja usiipeleke kwa mwingine. Usijipige mwenyewe. Simu ikiwa karibu na uso hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, na mashine inayopima umbali wa macho inakataa. Mpe mtu simu, asimame hatua mbili mbele yako. Zima vile vipodozi vya kamera vinavyolainisha ngozi. Hijabu na kilemba cha dini vinaruhusiwa Uingereza na Marekani, ilimradi uso uonekane kuanzia kidevu hadi paji.

Na hapa kuna jambo lililoniuma. Mwaka 2020 BBC waliupima mfumo wa Uingereza unaokagua picha mtandaoni. Wanawake wenye ngozi nyeusi waliambiwa picha zao hazifai mara 22 katika 100, wanaume weupe mara 9. Mashine ilimwambia mtu mweusi kwamba mdomo wake uko wazi ilhali umefungwa. Ukikutana na jambo hilo usidhani uso wako una kasoro. Simama ukitazama dirisha mchana, mwanga ukupige mbele na si mgongoni. Mfumo ukikataa tena, Uingereza inaruhusu kuendelea na picha hiyo ukiandika maelezo, na binadamu ataitazama.

Sasa steshenari ya mtaani, saiba kwa Wakenya. Sehemu kubwa ya maombi ya "mtandaoni" kwetu hujazwa hapo, kijana akiuliza maswali na mama akijibu huku amesimama. Sina ubaya na vijana hao. Wamewasaidia wazee wetu kuliko mfumo wowote. Lakini angalia jambo moja: kijana akiona huna barua pepe, ataweka yake, na nywila atabuni yeye. Miezi mitatu baadaye taarifa ya kwamba pasipoti iko tayari inaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha hamia Mwanza. Mtengenezee mama barua pepe yake kabla hajaondoka nyumbani, uiandike pamoja na nywila ndani ya daftari la nyumbani. Na utazame anwani ya tovuti. Ya serikali ya Tanzania huishia go.tz, ya Kenya go.ke, ya Marekani gov, ya Uingereza gov.uk. Zipo tovuti nyingine zenye bendera na nembo, zinatoza pesa kwa kukujazia fomu tu.

Je, wajua mwajiri hana haki ya kushika pasipoti yako? Qatar waliliandika kwenye sheria namba 21 ya mwaka 2015, na faini inafika riyali 25,000. Bado dada zetu wengi wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba wanaeleza kwamba kitabu kilichukuliwa siku waliyofika. Kikifungiwa kabatini kwa tajiri, hujui hata kinakwisha lini. Kabla ya kupanda ndege, piga picha ukurasa wa mbele na ukurasa wa viza, ujitumie kwenye barua pepe yako na umtumie mtu mmoja wa nyumbani. Ukiwa na picha hiyo unaweza kujua tarehe zako, na ubalozi unaweza kukutambua, hata kitabu kikiwa mikononi mwa mwingine.

Ukiwa umepoteza pasipoti, usikimbilie kutangaza upotevu kabla hujatafuta vizuri. Je, wajua Interpol ina orodha ya hati zilizoibwa na kupotea iliyoanza mwaka 2002? Namba ikishaingia humo imeingia. Ukiikuta pasipoti wiki ijayo chini ya godoro, usisafiri nayo, utashikwa mpakani kwa kitabu chako mwenyewe. Lakini kama imepotea kweli, toa taarifa polisi siku hiyohiyo, maana kuna mtu anayeitafuta namba kama yako. Pasipoti iliyopotea hupitia njia ndefu na ya gharama zaidi. Haihuishwi, inaombwa upya.

Haraka haraka: pasipoti ya kwanza duniani yenye chipu ilitoka Malaysia, mwaka 1998. Mtindo wa kitabu cha kurasa 32 ulipendekezwa Paris mwaka 1920, kwenye mkutano ulioitishwa na Shirikisho la Mataifa. Pasipoti za kujazwa kwa mkono, zisizosomeka kwa mashine, zilipewa ukomo wa Novemba 2015 duniani kote. Za zamani za Tanzania zilikoma Januari 2020, za Kenya Novemba 2022 baada ya tarehe kusogezwa mara kadhaa. Na Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, bila pasipoti kabisa.

Je, wajua kwamba viza ya Marekani haifi pamoja na kitabu? Pasipoti yako ikiisha viza ikiwa bado na miaka miwili, viza hiyo inaendelea kutumika. Unaponyoosha mkono kuchukua kitabu kipya, omba na cha zamani urudishiwe. Kitakuja kimekatwa pembe au kimetobolewa, lakini angalia mkasi usiguse ukurasa wa viza. Usiibandue, maana ikibanduliwa imekufa. Vifunge pamoja kwa mpira, kilichokufa na kilicho hai, ukampe ofisa vyote viwili. Atasoma jina kwenye kipya, atafungua cha zamani kutafuta viza, na akigonga muhuri, ataugonga kwenye kipya.